Ndugu zetu wametuyeyusha mioyo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juzi binti yangu alikuja na zoezi la Kiingereza: eleza maana ya kitenzi discourage. Nikamjibu harakaharaka, "kukata tamaa," akaandika. Usiku jibu lile likanikera. Tamaa mtu huikata mwenyewe. Kitenzi kile kina mtenda na mtendwa, yupo mtu anayemvunja mwenzake moyo. Hata moyo wenyewe umo humo ndani, maana Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, na kwa Kifaransa moyo ni cœur.

Nikafungua Kumbukumbu la Torati 1:28. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeweka kitenzi hicho hicho. Yetu inasema, "ndugu zetu wametuyeyusha mioyo yetu." Kuyeyusha, kama samli juani! Na walioyeyusha si Waamaleki, ni ndugu.

Wapelelezi wa Israeli waliotumwa na Musa walikuwa 12, wakazunguka Kanaani siku 40, wakarudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili. Ukisoma Hesabu 13 utaona wale kumi waliowavunja watu moyo hawakuanza na uongo. Miji ilikuwa na maboma kweli, na wana wa Anaki, yale majitu, walikuwepo. Kalebu, mmoja wa wawili waliosema tunaweza, hakubisha hata moja. Mambo yaliharibika walipofika kwenye mapanzi: tulijiona kama mapanzi, "nao ndivyo walivyotuona sisi." Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma. Nani aliwaambia? Mpelelezi hapiti akiuliza wenyeji, "Jamani, mnanionaje?" Lakini kwa neno hilo kambi nzima ililia usiku kucha.

Mwaka jana mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia anataka kurudi kusoma, afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikamtajia ada, watoto, hesabu alizozisahau. Yote kweli. Kisha nikaongeza, "Na watu watakuonaje, mtu mzima kukaa na vitoto?" Watu hao sikuwa nimewauliza. Akacheka kidogo, akaaga. Hajaligusa tena jambo lile, nami nilijihesabia kuwa nimempa ushauri mzuri.

Jumapili hii ni zamu yake kupanga maua madhabahuni. Nitawahi kabla ya ibada ya kwanza.

Binti naye nimemwambia afute. "Sasa niandike nini, baba?" Andika, kumvunja mtu moyo.