Siku Moja Maishani Mwangu: Mpima Vumbi

Nikisema kwamba ninapima vumbi, watu hudhani ninashika fagio. Kazi yangu, katika maabara moja jijini Nairobi, ni kutambua nyuzi za asbesto, madini yenye nyuzi yaliyowahi kutiwa katika vigae vya paa, kwa mwanga uliopolaraizwa, yaani mwanga ambao mawimbi yake yanatetema katika mwelekeo mmoja tu.

Saa mbili asubuhi ninapangusa meza kwa kitambaa kibichi, ninawasha kabati la kufyonza hewa na kukingamanisha vichujio viwili vya hadubini mpaka uwanja wote uwe mweusi.

Saa tatu anaingia mkandarasi anayebomoa paa kuukuu la shule. Vumbi la darasani amelitia katika mfuko wa mkate uliotoboka. Ninalikataa, ninampa mkanda wa gundi na mifuko inayofungika, naye anaondoka akinung'unika.

Anarudi saa sita kasoro, na hapo ndipo siku inapogeuka ndefu. Vumbi la darasani limejaa chaki, na chaki hii ya chokaa hung'aa mno kati ya vichujio, hata unyuzi mwembamba unafichika kabisa. Inanibidi niidondoshee asidi ya siki iliyozimuliwa, ningoje povu litulie, nisuuze, nikaushe, nianze upya. Simu inalia. “Madam, asbesto naijua tangu utotoni, si uandike tu?” Ninarudi kwenye lenzi. Unyuzi wa kioo unabaki gizani hata nikizungusha meza ya hadubini, kwa kuwa kioo hakiugawi mwanga katika miale miwili. Mkonge wa dari unang'aa, lakini hauzimiki sawasawa. Simu tena. Shingo imekakamaa na chai imepoa zamani.

Kisha unatokea unyuzi uliojipindapinda, ncha yake imechanguka. Ninauweka katika mafuta yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.550 na kubadilisha lenzi: ukilala sambamba na mtetemo wa mwanga ni wa zambarau iliyoiva, nikiuzungusha digrii 90 unakuwa wa samawati. Ni krisotili, yaani asbesto nyeupe. Hadubini ya kuhesabia nyuzi za hewani isingeweza kuitofautisha na mkonge.

Jua limeshainama ninapompigia mkandarasi. “Si hiyo ndiyo nyeupe, isiyo na madhara?” Ninamweleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na kwamba ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40, watoto wale wakiwa wazazi. Anaomba niandike “vumbi la kawaida”. Ninaandika krisotili, ninatia saini, na kumwagiza asimamishe nyundo, alowanishe vigae vya paa na kulifunga darasa usiku huu huu.