Uzoefu wangu: kumtoa mtoto wa mwaka na nusu kwenye katuni

Mwanangu alikuwa amevuka mwaka na nusu, na maneno yake yalikuwa "mama", "maji" na "nyau", basi. Kliniki, muuguzi hakuanza na habari za simu. Alitutuma kwanza masikio yapimwe, na namshukuru, maana mtoto asiyesikia vizuri utamnyang'anya simu mpaka uchoke na hataongea. Masikio yakawa mazima. Ndipo akaniuliza: "Mama, anashinda na nani, na TV inawashwa saa ngapi?"

Inawashwa asubuhi, inazimwa tukilala, hata kama hakuna anayeiangalia.

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba kwa mtoto wa mwaka mmoja skrini haipendekezwi, na wa miaka 2 isizidi saa moja kwa siku. Sawa, lakini mimi natoka Tabata alfajiri, narudi giza limeingia. Tangazo halilei mtoto. Kilichonifungua akili ni utafiti wa Australia wa mwaka 2024, ambao ulirekodi sauti majumbani. Kwa watoto wa miaka 3, kila dakika ya skrini iliendana na upungufu wa maneno kama 7 hivi ambayo mtoto angeyasikia kwa watu wazima. Yaani TV ikiongea, sisi tunanyamaza.

Kwa hiyo nilianza na dada wa kazi, si mtoto. Nikamwomba aongee naye akichambua mchele, akifua, akianika. Akacheka: "Dada, niongee peke yangu, majirani si watasema nimechanganyikiwa?" Tukakubaliana: tamthilia yake aangalie mtoto akilala mchana, muda mwingine TV imezimwa. Bila kumwachia tamthilia, nadhani ningekuwa natafuta dada mwingine.

Vita ilikuwa kwenye uji. Alizoea kulishwa huku simu iko mbele yake, na bila simu anafunga mdomo. Tulimwekea kibakuli chake mkekani, tukala pamoja naye, akajipaka uji mpaka kwenye nywele. Siku za kwanza alikula kidogo sana, nikaumia. Njaa ikamsaidia.

Mama mkwe, aliyeko Lushoto, alisema watoto wa kiume huchelewa, nimwache. Sikubishana naye. Nilimpa kazi ya kumpigia mjukuu kwa video kila jioni. Hiyo ndiyo skrini pekee ya mtoto niliyoibakiza, kwa sababu bibi anauliza, anasubiri, anajibu. Kuna utafiti wa mwaka 2014 ulioonyesha watoto wa miaka 2 hujifunza vitenzi kwa mtu anayezungumza nao kwa video, ila si kwa video iliyorekodiwa.

Sasa ana miaka 2 na ushee, anasema "bibi njoo" na "sitaki uji". Siwezi kuapa kwamba ni TV tu, pengine umri nao ulifika. Jumamosi baba yake bado anawasha mpira, na hapo nimemwachia.