Raundi Mbili za Vitumbua

Kitindamimba wangu amepewa mdahalo shuleni. Mada ni "Fujo hazileti haki", na yeye kapangiwa upande wa kutetea. Jana kaja jikoni na daftari lake, mimi nimeshika mwiko, akaniuliza kwa sauti ileile anayoulizia chumvi iko wapi: "Mama, wewe ulishawahi kuona fujo?"

Nikamjibu sijawahi. Sikumdanganya. Nilichowahi kuona ni fujo ambayo haikutokea, na aliyeizuia ni mimi, na sijui hoja ya aina hiyo inaandikwa ukurasa gani. Nikasonga ugali wangu, nikanyamaza. Lakini usiku usingizi ulinipaa, nikawa nahesabu boriti, na aliyenijia ni Babu Mpemba, Mungu amrehemu, na ile jioni aliyotufunga midomo barazani.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni 2020, mwaka wa barakoa na ndoo za maji tiririka. Idd tulisali tarehe 24 Mei. Idd pili, siku ambayo sisi tulipasha pilau la jana, kule Minneapolis, Marekani, askari anayeitwa Derek Chauvin akamkandamiza George Floyd shingoni kwa goti, barabarani, mbele za watu, mpaka mtoto wa watu akafa. Kilichowaleta polisi pale ni noti ya dola 20 iliyodhaniwa ya bandia. Mimi nilishapigwa noti ya bandia ya elfu tano kwenye vitumbua. Nililia, nikaichana, yakaisha.

Sasa lichukulieni baraza letu la Ngamiani, hapa Tanga, wakati huo. Shule zimefungwa tangu Machi, kwa hiyo Mwalimu yupo kutwa. Ligi imesimama, hata ule ubishi wa Coastal na African Sports umekosa kuni. Halafu ikaja habari hii, na video zake kwenye simu. Muuza kahawa alisema hajawahi kuuza vikombe vingi namna ile tangu Coastal ichukue ubingwa 1988. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Mwalimu alikuwa upande wa moto. Alitupeleka mpaka Los Angeles: askari wanne waliorekodiwa wakimtwanga mtu mweusi, Rodney King, mwaka 1992 wakaachiwa, mji ukawaka. "Baada ya kuwaka ndipo serikali kuu ikawashtaki upya, na wawili wakafungwa," akasema. "Wangekaa kimya wangepata hao wawili?"

"Na waliokufa kwenye huo moto?" akauliza Bwana Duka.

"Zaidi ya 50," Mwalimu akakubali. Ni mkweli, hata ukweli unapomwangusha.

"Nao kesi yao ilifunguliwa wapi, mgosi?"

Mwalimu akamleta Martin Luther King, aliyesema ghasia ni lugha ya wasiosikilizwa. Bwana Duka akasema vizuri sana, basi yule wa Lake Street, hukohuko Minneapolis, aliyechomewa duka lake, tena mhamiaji, Msomali kama shemeji zake yeye mwenyewe, aongee lugha gani ili naye asikilizwe? Vijana wa bodaboda wao walikuwa na jambo moja tu la kufurahia: kituo cha polisi chenyewe cha kule kimewaka, usiku wa tarehe 28 Mei, askari wametimka. Walilisimulia kama bao la dakika ya mwisho.

Na mimi, nyuma ya moshi wangu, nilikuwa upande wa Bwana Duka. Nikapaza sauti, "Mwenye hasira achome chake!" Wanaume wakacheka, mmoja akanipigia kofi. Nakiri nilijisikia vizuri. Si kila siku mkaanga vitumbua ananukuliwa barazani.

Babu Mpemba alikuwa mahali pake pa siku zote, mwisho wa kibaraza, anashona nyavu. Hakuwa na mazoea ya kuingia mabishano. Akauliza bila kuinua uso:

"Huyo askari kaweka goti muda gani?"

"Dakika 8 na sekunde 46, babu," akasema Mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa ikitajwa siku zile.

"Mwaitaja kama bei ya nazi." Akakata uzi kwa meno. "Hebu tuzikae. Mwalimu, una saa. Mtu asiseme kitu."

Tukadhani utani. Mwalimu akatazama saa yake, akasema "haya", na tukanyamaza.

Mimi sina saa, nina kikaango. Kina matundu saba, na raundi moja ya vitumbua, kwa moto wa mkaa uliokolea, ni kama dakika nne. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemimina unga. Kwa hiyo ninaposema kimya kile kilikuwa kirefu, nimekipima kwa kitu ninachokijua.

Mwanzo ilikuwa mchezo. Vijana walitazamana wakibana vicheko. Muuza kahawa, ambaye vikombe vyake havijawahi kutulia mkononi tangu azaliwe, aliviweka chini kimoja kimoja kama mayai. Baiskeli ikapita, kengele ikalia. Nikaanza kugeuza vitumbua, cha kwanza, cha pili, na nikashangaa jinsi mafuta yanavyopiga kelele. Miaka yote ile sikuwahi kuyasikia, maana siku zote kuna mtu anaongea.

Akapita mtu, "Assalaam alaykum!" Hakuna aliyejibu. Mwenyeji wa Tanga atanielewa. Kutojibu salamu, barazani, watu kumi na ushee wenye akili zao! Bwana Duka aliinua kiganja, midomo ikimchezacheza. Yule mtu akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kwa kunong'ona, "Kuna msiba?" Naye hakujibiwa. Akavua kofia, akakaa.

Nikaepua raundi ya kwanza. Nikamimina ya pili. Na hapo, hapo kwenye kumimina, mchezo uliisha, kwa sababu niliwaza: mpaka hapa yule bado yuko chini ya goti, na bado nusu nzima. Bado anasema hapumui. Anamwita mama yake, na mama mwenyewe alishafariki 2018.

Ndipo akanijia mdogo wangu.

Mliokuwepo mnaijua, na wasiokuwepo nitawapitisha haraka. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya jioni ile, asubuhi, kwenye njia panda ambapo nilikuwa na meza yangu ya chai na vitumbua. Askari alimsimamisha na pikipiki yake, kisa kofia ya abiria. Wakajibizana. Rungu la kwanza lilimwangusha, la pili lilimkuta chini, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Sauti yake siisemi. Askari akaondoka. Wenzake wa kijiweni wakakusanyika, na kufumba na kufumbua wakawa na tairi, na mmoja ananyonya petroli kwenye tangi la pikipiki kwa mpira. Wanaelekea kituoni, na njia ya kituoni inapita kwenye meza yangu. Nikajitandaza barabarani, khanga imenidondoka kichwani, nikawaambia hamtapita labda mpite juu ya tumbo hili lililowalisha. Wakasimama. Tairi likawekwa chini. Jioni mjumbe wa mtaa akaja kunishukuru, akasema wanawake kama sisi ndio nguzo ya amani.

Hospitali wakasema tukachukue fomu ya PF3, maana kaumizwa na mtu. PF3 inatolewa na polisi. Tukaenda kituoni palepale, tukaulizwa ni nani aliyempiga. Tulipotoka, karatasi ilikuwa inasema ameanguka na pikipiki.

Jioni ile kimya kilinikumbusha jambo nililolisikia Mwalimu akilisoma: taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Goti halikutajwa. Kilicholileta goti hadharani ni simu ya msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama pale akarekodi. Na mimi, siku ya mdogo wangu, simu ilikuwa kibindoni. Ina chaji. Nilikuwa karibu kuliko alivyokuwa yule binti, nadhani. Sikuitoa. Mikono yangu ilipopata kazi, ilipata kazi ya kuzuia tairi.

Vitumbua vya raundi ya pili vilianza kunuka kuungua upande wa chini, na nilivitazama hivihivi.

Nikainua macho, nikamwona Babu Mpemba. Sindano ya nyavu imesimama. Wote tulijua alikotoka, ila mtaani kwetu kuna mambo yanajulikana kwa kutosemwa. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana Pemba kudai uchaguzi urudiwe, polisi wakawafyatulia risasi, watu wakafa, na waliobaki wakajitupa baharini na vyombo vyovyote walivyovipata. Zaidi ya 2000 waliingia Shimoni, upande wa Kenya. Wengi walirudi kwao baadaye, yeye hakurudi. Alishuka Tanga kwa dada yake, akatundika nyavu. Hakuwahi kutuambia alimwacha nani kule. Jioni ile alikuwa anaitazama njia, kule inakoelekea bandarini, na kidole gumba chake kinapapasa fundo lilelile, kinapapasa, kinapapasa.

Simu ya kijana mmoja ikaita, singeli kwa sauti ya juu. Aliizima kwa mikono miwili kama anayeua nyoka. Hakuna aliyecheka.

"Tayari," akasema Mwalimu. Sauti ilimtoka imekwaruza.

Babu akavuta uzi, akaendelea kushona. "Haya," akasema. "Endeleeni kubishana."

Hakuna aliyeendelea. Muuza kahawa akamimina bila kuulizwa, akagawa bila kudai. Yule mpita njia akanywa kikombe chake, akavaa kofia, akaondoka bila kujua alikuwa msibani kwa nani. Adhana ya Magharibi ndiyo iliyotuokoa.

Msinidhanie kwamba siku ile nilihamia upande wa Mwalimu. Kesho yake ubishi ulirudi, na Bwana Duka aliposema duka halijamkanyaga mtu shingo, bado nilimwona ana haki. Ningali namwona ana haki. Kituo kile kingewaka, mdogo wangu angefungwa miaka mingapi? Na wale vijana? Kifundo hakikunyooka mpaka leo, hawezi kushika klachi zaidi ya robo saa, pikipiki kaiuza. Lakini yupo, ana watoto. Hayo nayaweka upande mmoja wa mizani. Upande wa pili naweka hili, ambalo sikumwambia mjumbe aliponishukuru: kabla sijawaza vijana, kabla sijamwaza mdogo wangu, nilipoliona lile tairi niliiwaza meza. Ilikuwa na wiki mbili tu tangu nimlipe fundi.

Ramadhani iliyofuata, tarehe 20 Aprili 2021, Chauvin akakutwa na hatia. Baadaye akapewa miaka 22 na nusu. Na kwenye kesi ile hesabu ilirekebishwa: hazikuwa dakika 8 na sekunde 46, zilikuwa 9 na sekunde 29. Nilitoa kwa vidole mara mbili. Sekunde 43. Nikaenda kumwambia Babu Mpemba kabla ya futari.

Alifikiri kidogo. "Basi tulimpunja," akasema.

Leo asubuhi kitindamimba kaniletea hoja zake nizisikilize. Ana tatu, mwandiko mzuri, kapigia mstari kwa rula. Hoja ya pili inasema fujo huharibu mali za wananchi wasio na hatia, kwa mfano meza ya mama yangu. Kumbe wajomba wanasimulia. Nikamwambia aifute. Amefika mlangoni, raba mkononi, nikamwita nikamwambia aiache. Akaniuliza, "Kwa hiyo niache au nifute?" Nikamwambia atachelewa shule.