Kabla hujatangaza kuwa draivu ya flopi imekufa

Draivu nyingi za flopi, yaani vifaa vya kusomea diski za zamani za kompyuta, zinatupwa zikiwa nzima. Zimechafuka, zimekaukiwa grisi, au mkanda wake umeyeyuka. Wenye kompyuta za miaka ya 1980 kama Amiga 500, Atari ST au Amstrad CPC 6128 hapa Uganda tunaishi kwa mtumba, kwani hata Sony ilifunga mauzo yake ya flopi huko Japani Machi 2011. Ukishindwa kufufua ulichonacho, ni vigumu kupata kingine.

Ukiingia Kampala kuulizia "draivu ya Amiga" utaangaliwa tu. Uliza palipokuwa na kazi ya flopi: kompyuta za Pentium zilizorundikwa kwenye stoo za shule, mashine kuukuu za kudarizi beji za sweta, na vinanda vya Yamaha PSR vya miaka ya 1990, maana baadhi yake vilikuja na draivu. Tazama nyuma ya draivu kabla ya kutoa hela. Unataka pini 34 katika safu mbili. Zile nyembamba zenye utepe wa pini 26 waachie wenye laptop. Zungusha gurudumu la chini kwa kidole, kisha mulika ndani kwa tochi. Mkono wa kichwa cha juu (kichwa ndicho kinachosoma diski) ukiwa umepinda, rudisha.

Usiijaribu kwa diski yako nzuri, na usiijaribu kwa diski usiyoikagua. Hapa ndipo draivu nyingi zinapouawa. Unyevu wa Kampala na Entebbe huotesha ukungu ndani ya flopi. Sogeza kile kifuniko cha bati, zungusha kitovu polepole, na uinamishe diski kwenye mwanga. Diski nzima inang'aa sawasawa kama chai ya rangi kikombeni. Yenye ukungu ina madoa yaliyofifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Diski hiyo ikizunguka dakika moja tu, uchafu unagandamana kwenye kichwa, na kichwa kinakwaruza kila diski itakayofuata. Utasikia mlio mkali wa kukwaruza. Toa hapo hapo.

Kwa kusafisha kichwa, tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 ina maji mengi, na spiriti ya vidonda huwa imetiwa mafuta yanayoacha utando. (Waragi hapana, kabla hujauliza.) Lowesha kijiti cha pamba, kikamue, sugua taratibu ile sehemu nyeusi yenye mstari mwembamba katikati, badilisha kijiti mpaka kitoke cheupe. Kichwa cha juu kiinue milimita chache tu. Ukikivuta zaidi, bati lake laini linapinda na hakitakaa sawa tena. Commodore 1541, draivu ya Commodore 64, husoma upande mmoja, kwa hiyo juu haina kichwa bali kipande cha sufi: usikisugue, toa vumbi tu.

Kisha reli. Grisi ya zamani hugeuka gundi, na vumbi letu jekundu huifanya msasa. Ifute yote, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye reli na grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo sana, kwenye skrubu ndefu inayosukuma kichwa. Draivu ikigonga "ta-ta-ta" inapowashwa na haitulii, puliza vumbi kwenye kihisi cha njia ya 0 (mahali kichwa kinapoanzia), kile kijicho cha plastiki kwenye mwisho wa reli. Bila hicho haijui ilipo.

Draivu za inchi 3 za Amstrad zina ugonjwa wake: mkanda bapa wa mpira hulegea au kuyeyuka ukawa lami. Safisha lami yote, pitisha uzi mahali mkanda unapopita, pima, kisha agiza mkanda mfupi kwa asilimia 5 hivi. Pete za mpira za magari usijaribu. Ni za duara, zinateleza na kasi inayumba. Kasi inayotakiwa ni mizunguko 300 kwa dakika. Kwenye draivu za inchi 5.25 zinazozungushwa kwa mkanda, gurudumu mara nyingi lina mistari ya hezi 50 na ya hezi 60. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tazama mistari hiyo chini ya taa ya mrija: ikionekana imesimama, kasi ni sawa. Balbu nyingi za LED hazifai kwa kazi hii.

Ukiweka draivu ya PC mahali pa ile ya Amstrad, angalia plagi ya umeme kwanza. Volti 5 na volti 12 zimebadilishana nafasi, na ukichomeka moja kwa moja utanusa moshi. CPC pia inasubiri ishara ya "tayari" kwenye pini 34, ambayo PC haitoi: kata waya huo upande wa draivu, na upande wa kompyuta uunge na pini 33. Amiga inataka draivu iitikie kama nambari 0, wakati za PC zimewekwa 1. Tafuta jampa (kiunganishi kidogo cha kuhamisha) au vidoa vya solda vya kubadilisha namba hiyo. Ishara ya kubadilishwa diski nayo ihamishwe kutoka pini 34 kwenda pini 2.

Kama una Greaseweazle, kibao cha USB cha kunakili flopi kwenye kompyuta ya kisasa, nakili diski zako leo. Amri yake ya "gw rpm" hupima pia kasi, na hiyo inapita macho na taa.

Kitu kimoja usiguse: skrubu zinazoshika mota ya hatua, ile inayosogeza kichwa. Ukizilegeza, draivu itasoma diski ilizoandika yenyewe na kukataa za wengine wote. Ukinunua draivu na rangi ya kufungia kwenye skrubu hizo imevunjika, kuna fundi aliyekutangulia. Iweke kwa vipuri: springi, kitufe cha kutolea diski na kifuniko cha mbele bado vina kazi.