Pombe, ini langu na sindano ya kila wiki mbili

Jumapili usiku

Leo ilikuwa zamu ya sindano. Kalamu ya sindano hutoka kwenye friji mapema, inakaa mezani kama nusu saa, kwa sababu dawa ikiingia na ubaridi wake inachoma vibaya. Nikajidunga pajani: mlio wa kwanza, nikahesabu polepole, mlio wa pili, basi. Dawa yenyewe ni adalimumabu, ya kushusha kinga, miligramu 40. Kabla yake soriasisi ilikuwa imetoka kwenye ngozi ikahamia kwenye viungo, na asubuhi nyingine nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Dawa hii ilinirudishia mikono yangu, ndiyo maana sitaki kuichezea.

Desemba inakaribia, na kama kawaida wagonjwa wenzangu wanauliza: ukiwa kwenye sindano hizi unaweza kunywa?

Hapa Uingereza daktari alinieleza hivi: dawa yenyewe ni protini, na mwili huivunja kama unavyovunja protini nyingine. Hailisumbui ini jinsi vidonge vingi vinavyolisumbua, na haijulikani kugombana na pombe moja kwa moja. Wengi wakisikia hapo hawasikilizi tena. Lakini mimi, kama wengine wengi, natumia pia methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, mara moja kwa wiki, na hiyo ndiyo inayofanya nitolewe damu kila baada ya miezi mitatu hivi kuangalia ini. Pombe nayo inapita kwenye ini hilohilo. Isitoshe, wenye soriasisi wengi huwa na mafuta kwenye ini hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Kilichonituliza ni utafiti wa Manchester wa mwaka 2017. Walifuatilia wagonjwa wa baridi yabisi zaidi ya 11,000 wanaotumia methotreksati, na waliokunywa chini ya uniti 14 (uniti ni kipimo cha kilevi cha hapa Uingereza) kwa wiki hawakuonekana kuharibikiwa ini kuliko wasiokunywa kabisa. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ni uniti 2.5, kwa hiyo chupa tano ni uniti 12.5, na ya sita tayari inavuka 14. Hizo ni za wiki nzima, si za Jumamosi moja. Mimi nimechagua bia moja au mbili, na wiki nyingi hakuna.

Nyumbani Kilifi hesabu hiyo inakwama. Kwenye matanga na harusi kinachozunguka ni mnazi, na mnazi hauna asilimia iliyoandikwa popote. Ulioshuka mnaziani asubuhi ni mtamu kama maji ya sukari. Huohuo jioni umekuwa mkali. Ukishaushika mrija, utajuaje umekunywa kiasi gani? Mwaka jana mjomba alinitazama nikikipitisha kibuyu kwa jirani, akaniuliza, "Mwanangu, umeokoka?" Nikamwambia, "La, mjomba, niko kwenye dawa." Akakubali papo hapo, akaagiza niletewe dafu.

Kuna jambo linaloniudhi kwa dhati: watu wanaosogeza sindano mbele ili wapate nafasi ya kunywa kwenye sherehe. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki mbili karibu nusu yake bado imo. Ukiiahirisha kwa siku tatu hujaitoa mwilini, umeukaribisha ugonjwa tu. Na pombe ikizidi, ngozi nayo hujibu: wanywaji wa kupindukia mara nyingi huwa na soriasisi kali zaidi. Halafu kuna kifua kikuu. Kabla ya sindano ya kwanza nilipimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hushusha kinga inayovidhibiti vijidudu vilivyolala. Kenya imo katika orodha ya nchi 30 zilizolemewa zaidi na kifua kikuu, na ulevi nao hudhoofisha kinga ya mapafu. Sisi si watu wa kuongeza mzigo huo.

Muuguzi wangu huniuliza kila mara ninakunywa kiasi gani kwa wiki. Kwetu swali hilo lina jibu lake tayari: "Kidogo tu, kwenye sherehe." Namwelewa anayejibu hivyo, hakuna anayependa kuonekana mlevi mbele ya mtu aliyevaa sare. Lakini vipimo vya ini vikipanda na muuguzi hajui habari za bia, dawa ndiyo itakayoshukiwa, na huenda ikasimamishwa. Mtu anapoteza dawa iliyomsimamisha kwa sababu ya chupa ambazo hakuzitaja.

Binamu yangu wa Mombasa ameanza methotreksati mwezi huu. Nimemtumia ujumbe wa sauti kumwambia aandike kwenye karatasi anachokunywa, siku kwa siku, aende nayo kliniki. Amejibu kwamba daktari hajamuuliza habari za pombe. Nimemwambia aseme hata asipoulizwa. Kliniki yake ni Alhamisi.