Mto usio na mamba

Januari 2014 nilikwenda London kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akisoma huko. Siku ya tatu manyunyu yalitukuta Trafalgar Square, tukakimbilia National Gallery. Kuingia ni bure, akaniambia, tujisitiri humo mpaka mvua ikatike. Haja ya picha sikuwa nayo.

Humo ndani nikakutana na mto. Picha yenyewe karibu mita 3 kwa 2: "Waogaji wa Asnières", ya Mfaransa Georges Seurat, 1884. Maji tuli, jua la mchana, wanaume na wavulana wamejipumzisha ukingoni, mbwa kajilaza, na mbali kule viwanda vinatoa moshi. Mvulana mmoja kakaa, mgongo kaupinda, miguu kaining'iniza majini.

Ile miguu ndiyo iliyonishika. Mimi mtoto wa Utete, Rufiji. Kwetu maji yakitulia hivyo ndipo unapoogopa. Tulichota ndani ya uzio wa magogo yaliyochomekwa mtoni, na bibi alisimama juu na fimbo yake akihesabu vichwa. Nikajikuta natafuta macho mawili juu ya maji.

"Unatafuta nini, dada?"

"Mamba."

Alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Dada, huo mto Seine, uko Paris. Mamba atoke wapi?"

Akanieleza kwamba Seurat alikuwa na miaka 24 tu, akaipeleka Salon, lile onyesho kubwa la Paris, wakaikataa. Mimi nilishaikaribia kofia nyekundu ya mvulana aliyesimama majini: imejaa vidoadoa vya rangi ya chungwa na buluu, alivyoviongeza miaka michache baadaye. Ukirudi nyuma hatua tano, vinapotea. Nilisogea na kurudi mara tatu, kama mtu anayejaribu miwani.

Mvulana huyo kaweka viganja mdomoni. Mdogo wangu akasema anapiga mluzi, anacheza tu. Nikamwambia wewe umekulia Dar, hujui kitu. Vile ndivyo tulivyokuwa tukimwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo. Na chombo chenyewe kipo, upande wa kulia, kimepachikwa bendera ya Ufaransa, ndani yake bwana mwenye kofia ndefu na bibie mwenye mwavuli. Kinakwenda zake, wala hakigeuki.