Mkate Hausiribwi

Jana asubuhi binti yangu alikuwa mezani na kopo la siagi ya karanga, anachota kwa kijiko cha supu. Akaniuliza mdomo umejaa, neno kalitoa kwenye video za mapishi: "Baba, *slather* kwa Kiswahili ni nini?"

Neno hilo! Mimi na lenyewe tuna kesi tangu Kansas City, kule Marekani.

Ilikuwa wiki yangu ya pili ya kazi ya jikoni pale. Mpishi mkuu, mzee wa maneno machache, alinisukumia kidari cha ng'ombe, pande la kilo sita hivi, na chupa ya haradali ya manjano. "*Slather it*," akasema, akaenda kuchochea kuni.

Kiingereza changu cha sekondari hakikuwa na neno hilo. Nikatazama chupa, nikatazama nyama, nikaamua ni kupaka. Na kupaka nilifundishwa na mama, enzi Blue Band inafungiwa kabatini: unagusa siagi kwa ncha ya kisu, unaivuta kona hadi kona mpaka mkate uchukue rangi tu, kisha unakwangua kilichobaki kwenye kisu unakirudisha koponi. Ukizidisha, sauti inatoka uani: "Mkate unapakwa, hausiribwi! Kinachosiribwa ni ukuta."

Basi nikapaka. Tone moja, nalivuta kwa kidole mpaka liishe, ndipo nadondosha jingine. Moyoni najisifu. Mzee aliporudi akainama, akavaa miwani, akaitazama nyama, akanitazama mimi. Hakugomba. Alivaa glavu, akaminya chupa mpaka ikakoroma, akakandika kwa kiganja kizima, juu, ubavuni, chini, kila mkunjo, kama fundi anayewahi nyumba ya udongo kabla ya masika. "*Slather*," akarudia, taratibu.

Kumbe haradali ile ni gundi tu, inashika chumvi na pilipili manga zisipukutike. Kesho yake, baada ya saa kumi na mbili za moshi, nilionja kipande. Haradali? Hata chembe. Chupa karibu nzima, imeyeyukia wapi? Mama angelia.

(Miaka mingi baadaye nikasikia Waaustralia wana *open slather*, yaani kila mtu ajifanyie atakavyo. Nikamkumbuka Rais Mwinyi wa Tanzania, Mzee Ruksa.)

"Kusiriba," nikamjibu binti.

"Si ndiyo ile ya ukuta?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Akacheka, akachota tena. Alipoondoka kwenda shule kopo lilibaki wazi, kingo zote zimejaa karanga. Nikachungulia dirishani kuhakikisha gari limemchukua, nikatafuta kisu, nikazikwangua, nikazirudisha ndani.